UZI: Nani hasa anashika usukani wa usalama wa ndege zetu?

1/ Jana usiku nilikaa kwenye mjadala wa sauti hapa mtandaoni karibu saa mbili nzima. Mada ilikuwa viwanja vya ndege. Upande mmoja: "ICAO itatufungia anga!" Upande wa pili: "Hizo ni sheria za wazungu, sisi ni nchi huru." Wote walikosea. Hebu twende polepole.

2/ ICAO ni Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, moja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa. Makao yake ni Montreal, Kanada. Lilizaliwa na Mkataba wa Chicago uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944. Kenya ilijiunga 1964, tukiwa tayari huru. Mkoloni hakutulazimisha, tuliingia kwa miguu yetu wenyewe.

3/ Je, ICAO inaweza kutufungia anga? Hapana. Kifungu cha 1 cha mkataba huo kinasema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake. ICAO haina polisi wala mahakama ya kukushtaki, na haiwezi kufunga JKIA.

4/ Sasa mbona kila mtu anaiogopa? Soma Kifungu cha 33. Nchi nyingine zinapaswa kutambua vyeti vya ndege na leseni za marubani tulizotoa, MRADI tumetimiza viwango vya chini.
Ni kama cheti cha KCSE. Chuo kinakipokea kwa sababu kinaamini mtihani ulisimamiwa vizuri. Shule ikijulikana kwa wizi wa mtihani, cheti utakuwa nacho lakini mlango haufunguki.

5/ Viwango vyenyewe viko kwenye Viambatisho 19 vya mkataba. Cha 1 ni leseni za marubani na waongozaji ndege. Cha 13 ni uchunguzi wa ajali. Cha 14 ni viwanja.
Nchi ikishindwa kufuata kiwango fulani, Kifungu cha 38 kinaitaka iiarifu ICAO. Kwa hivyo kutofautiana kunaruhusiwa. Kuficha ndiko hakuruhusiwi.

6/ Hapa ndipo watu wengi huteleza. Viambatisho havijitekelezi. Lazima viingie kwenye sheria zetu, na sisi tuna Sheria ya Usafiri wa Ndege ya 2013. Anayesimamia ni KCAA. Mkaguzi anayepanda ngazi kuangalia injini pale Wilson hatumwi na Montreal. Ni mfanyakazi wetu, na analipwa hapa nyumbani.

7/ Basi ICAO hufanya nini? Hukagua wakaguzi. Tangu 1999 ina mpango wa kupima mataifa yenyewe, na siku hizi unaangalia maeneo manane: sheria, muundo wa taasisi, leseni, uendeshaji wa safari, ubora wa ndege, uchunguzi wa ajali, uongozaji wa ndege na viwanja. Matokeo ya kila nchi yako wazi kwenye tovuti yake. Usingoje mwanasiasa akusomee.

8/ Marekani nayo ina mtihani wake. Februari 2017 mamlaka yao ya anga, FAA, iliipa Kenya Daraja la Kwanza. Oktoba 2018 safari za moja kwa moja Nairobi–New York zikaanza. Kwenye majukwaa utasikia hii ikisimuliwa kama zawadi ya urafiki. Lakini kilichopimwa kwenye daraja hilo si urafiki, na wala si shirika la ndege. Ni msimamizi: je, serikali ina uwezo wa kukagua mashirika yake?

9/ Ulaya ina orodha ya mashirika yaliyopigwa marufuku, tangu 2006. Wakati mwingine nchi nzima huingia humo. Mashirika yote yenye vyeti vya DRC, kwa mfano, yamekuwa humo kwa miaka mingi. Yaani hata kampuni inayojitahidi inaumia kwa sababu anayeisimamia haaminiki.

10/ Kidokezo cha lugha. Kiswahili chetu kina neno moja, "usalama", kwa mambo mawili. Kuna ulinzi dhidi ya wahalifu: kupekuliwa mizigo, ua, askari (Kiambatisho cha 17). Na kuna usalama wa safari yenyewe: injini, rubani, barabara ya kurukia. Mwanasiasa akisema "tumeimarisha usalama uwanjani," muulize, upi? Kamera mpya langoni hazitengenezi injini.

11/ Mbona nakomaa na hii mada? Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX, ilitoka Addis Ababa ikija Nairobi. Ilianguka dakika sita baada ya kupaa. Watu 157 walikufa. 32 walikuwa Wakenya, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote.

12/ Zaidi ya miezi minne kabla, ndege kama hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua 189. Ndege hiyo ilikuwa na cheti cha FAA, na dunia ilikiamini. Ripoti ya kamati ya Bunge la Marekani, Septemba 2020, ililaumu usimamizi dhaifu wa FAA na kazi nyingi ya ukaguzi iliyoachiwa Boeing yenyewe. Ndio hao hao wanaogawa Daraja la Kwanza.

13/ Halafu angalia nani alichukua hatua. China ilizuia ndege hizo zisiruke tarehe 11 Machi, Umoja wa Ulaya tarehe 12, Marekani tarehe 13. Na uchunguzi uliongozwa na Ethiopia, si Boeing wala Washington, kwa sababu Kiambatisho cha 13 kinampa kazi hiyo mwenye ardhi ndege ilipoanguka. Zile "sheria za wazungu" ndizo zilizoipa Addis usukani.

14/ Kiambatisho hicho hicho kinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30. Ethiopia iliitoa tarehe 4 Aprili. Lengo la uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Hiyo kazi ina polisi na mahakama. Kwa hivyo anayetangaza chanzo cha ajali mazishini, kabla ya ripoti yoyote, anakucheza. Na anayenyamaza mwaka mzima bila ripoti pia anakucheza.

15/ Tukirudi kwetu: KCAA inasimamia sekta na pia inaongoza ndege angani. Kwa upande huo, msimamizi anajisimamia. Si lazima iwe vibaya, mradi idara hizo mbili zitenganishwe kwelikweli. Lakini baada ya MAX, swali hilo si la kupuuza.

16/ Kwa hivyo mjadala ujao, uliza haya matatu:
a) Wakaguzi wetu wako wangapi, na wanalipwa vya kutosha wasihamie kwa wale wanaowakagua?
b) Nani anaweza kumpigia mkaguzi simu amwambie "achana na hiyo ndege"?
c) Ripoti za ajali zilizopita ziko wapi, na mapendekezo mangapi yametekelezwa?

17/ Ukijibiwa "ICAO itatufungia" au "sisi ni taifa huru", jua swali limekwepwa. Uhuru wetu angani ndio huo wa mkaguzi kusema "hii hairuki leo," na ikakaa chini hata mwenyewe akiwa mkubwa.

Mwisho wa uzi. Mtumie yule mjomba wa grupu ya familia. Kama nimekosea mahali, nirekebisheni hapo chini, bila matusi tafadhali 🙏🏾