Pilipili mbuzi si ya kushikwa ovyo

Wazazi wapenzi, Jumamosi ijayo watoto watapika maharage ya nazi, na humo itaingia pilipili mbuzi. Hapa Uingereza tunanunua ndugu yake wa karibu, Scotch bonnet. Kwa vipimo vya Scoville, jalapeño haifiki 10,000. Hii huanzia kama 100,000 na huweza kupita 300,000.

Kinachowasha ni kapsaisini. Wengi tulifundishwa kutoa mbegu, kumbe ukali umejaa kwenye utando mweupe unaozishika. Toeni huo. Tena kapsaisini haitoki kwa maji matupu. Mimi nililijua hilo kwa machozi: nilikata mbili, nikanawa kwa maji tu, saa nzima baadaye nikajifikicha jicho! Siku hizi navaa glavu. Nikisahau, najipaka mafuta ya kupikia mikononi kwanza, ndipo nanawa kwa sabuni. Kisu na ubao navyo naviosha kwa sabuni.

Mdomo ukiwaka, mpeni mtoto maziwa au mtindi. Lakini ikiingia jichoni, suuzeni kwa maji safi mengi, wala msitie maziwa.

Kwa watoto, njia ya bibi zetu ndiyo bora: pilipili hutiwa nzima na kikonyo chake, maharage yakikaribia kuiva, na chungu hukorogwa taratibu isipasuke. Harufu yote inabaki mchuzini, ukali kidogo tu. Kabla ya kupakua itoeni, awekewe baba anayedai chakula hakina pilipili.