Mgeni wa Rhotia na Jembe la Siku ya Tatu

Kila asubuhi magari ya utalii hupita Karatu yakielekea lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, na wengi waliomo ndani yake hurudi kwao bila kukanyaga nyumba ya mwenyeji. Wachache wanaokanyaga ni wanafunzi wa kigeni. Kule Rhotia, kabla hujafika Karatu mjini, The School for Field Studies ina kituo kinachopokea wanafunzi wa vyuo vya Marekani, na miongoni mwa mambo yao ni kushinda na familia za Wairaqw. Mgeni wa namna hii huja na daftari, akitaka kujua watu wanaishije. Nasema apewe kazi mapema, na akikosea akosolewe. Ukarimu unaomkalisha kwenye kochi na soda mkononi mpaka muda wa kuondoka unamnyima hicho hicho alichokifuata.

Sababu ni kwamba desturi za nyumba, kwa sehemu kubwa, hazielezwi kwa maneno. Wairaqw ni wakulima na wafugaji kwa pamoja. Huko Mbulu walikotoka, kilimo chao cha samadi na matuta kimeandikwa sana na watafiti. Lakini muulize mama wa nyumba akueleze desturi zake, atacheka, maana hajawahi kuzipanga kwa orodha. Mkalishe mgeni apukuchue mahindi pamoja na watoto, na mambo yataanza kujitokeza yenyewe: nani anaamua gunia lipi ni la kuuza na lipi ni la ugali, mtoto yupi anatumwa na yupi hatumwi tena, jirani akipita anasalimiwa vipi, na ni lini Kiswahili kinawekwa kando wakarudia Kiiraqw. Hayo hayaonekani kutoka sebuleni. Atayaona aliye ndani ya kazi, tena bila kuuliza.

Wapo watakaosema kumpa mgeni kazi ni kumfukuza kwa adabu, na kwamba ndiyo maana watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni kweli methali hiyo hutumika kumkejeli anayekaa kupita kiasi. Nyerere aliitumia kwa nia nyingine katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa: alitaka kuonyesha kwamba katika jamii za zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi, na mgeni mwenyewe pengine angeliomba hilo jembe kabla ya kupewa. Mimi naongeza kwamba siku mbili za heshima hazifutwi. Zinakuja kwanza, mtu anakula na kupumzika, kisha anaingizwa katika hesabu ya nyumba. Anayepewa jembe hatazamwi tena kama mpita njia.

Ukipanda juu hadi Ngorongoro, jembe lenyewe halipo. Kilimo hakiruhusiwi ndani ya eneo la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1959, kwa hiyo kwa Wamaasai kazi ya kumpa mgeni ni maji, kuni, ndama na mbuzi. Huko tofauti ya mpita njia na mtu wa nyumba iko wazi zaidi, kwa kuwa kuna boma la watalii, lenye kiingilio, ngoma na shanga za kuuza, na kuna boma la watu. Katika boma la watu kijana humwinamishia mzee kichwa aguswe utosini. Mwanafunzi mwenye miaka 20, hata awe na shahada nusu mfukoni, yuko upande wa wanaoinama. Asipoelekezwa hivyo ataishia kupeana mikono na kila mtu, na watu watamvumilia tu, kama wanavyomvumilia mtalii.

Pingamizi zito ni la fedha. Ikiwa familia inalipwa kwa kumpokea, si ulaghai kumtuma maji? Hapana, ilimradi kazi ni ile ya kila siku na haikubuniwa kwa ajili ya kamera. Alicholipia ni nafasi ndani ya nyumba. Tena haja ya kumwelekeza na kumkosoa mgeni si ya Karatu peke yake. Katika nyumba nyingi za Wajapani maji ya beseni moja la kuogea hutumiwa na familia nzima, na mgeni hupewa heshima ya kuingia kwanza; akijipaka sabuni humo ndani, ameyaharibu maji ya wote. Wenyeji wakinyamaza kwa upole, kesho atarudia. Atajua siku atakapoambiwa kwamba watu huoga nje ya beseni kwanza, ndipo huingia.

Kuhusu wale wanaolalamika kwamba desturi zimekwisha, eti nyumba za Karatu siku hizi ni za matofali na mabati na Jumapili watu wako kanisani, jibu ni fupi: hiyo nayo ni namna yao ya kuishi, na mgeni aliyekuja kutafuta tembe la mababu aende makumbusho.

Kinachohitaji kubadilika ni ratiba. Kwa hesabu ya methali, anayeshinda siku moja hajafikia hata jembe. Bado yumo katika siku za heshima. Wanaopanga ziara hizi wawape wanafunzi juma zima katika nyumba moja, nanyi akina mama wa Rhotia, siku ya tatu msione haya kumkabidhi ndoo.