Mwalimu akibisha hodi kabla ya shule kufunguliwa, mfungulie

Msomaji, mwezi wa Desemba wazazi wa Ongata Rongai huwa na shughuli nyingi. Kuna sare, viatu, karo na gari la kumbeba mtoto. Mtoto wa miaka minne anayeingia PP1 hutayarishiwa kila kitu, lakini yale ambayo mwalimu wake anahitaji sana kuyajua hakuna anayeyataja. Siku ya kwanza hukabidhiwa mtu asiyemjua langoni, mzazi akakimbilia matatu ya kwenda mjini, na mwalimu akabaki na mtoto anayelia asijue kama ana pumu, kama husikia vizuri, au kama nyumbani huitwa kwa jina jingine kabisa.

Tiba ya jambo hili haiuzwi katika duka la dawa. Ni mwalimu kumzuru mtoto nyumbani kwao wiki moja au mbili kabla ya muhula kuanza. Nchini Marekani, mpango wa Head Start ulioanzishwa mwaka wa 1965 kwa ajili ya watoto wa familia maskini huwataka walimu wake kuzuru nyumba ya kila mtoto angalau mara mbili kwa mwaka. Hapa Kenya tumezoea zaidi kutembelewa na wahudumu wa afya ya jamii, ambao takriban 100,000 kati yao walizinduliwa rasmi na serikali mnamo Septemba 2023 na kupewa mikoba ya vifaa vya kupimia. Mwalimu naye, kwa kawaida, huja nyumbani mtoto akiwa mtoro au ameharibu kitu. Ndiyo maana akionekana kwenye ploti majirani huchungulia.

Najua pia kuna haya. Mzazi anayeishi chumba kimoja kule Kware huwaza mwalimu ataketi wapi, na wa Maasai Lodge mwenye nyumba kubwa huona anachunguzwa. Ondoa wasiwasi. Usikope vikombe wala usimvishe mtoto nguo za Krismasi. Mwalimu hakuja kukagua nyumba, na mwalimu anayekuja kukagua nyumba heri abaki shuleni.

Linalonifanya mimi kama daktari nitake ziara hizi ni siri. Wazazi wengi huficha maradhi ya mtoto wanapomwandikisha, hasa kifafa. Huogopa mtoto atakataliwa, au wazazi wengine watasema amerogwa, au kwamba povu lake litaambukiza wenzake, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Basi mtoto hupewa dawa kimya kimya asubuhi, na akianguka darasani mwalimu hushtuka, humshika kwa nguvu na kumtia kijiko mdomoni. Kijiko hicho huvunja meno na huweza kumziba pumzi.

Mwalimu aliyeambiwa mapema nyumbani, kwa utulivu, atafanya mambo machache tu: atamlaza mtoto kwa ubavu, ataondoa vitu vigumu karibu naye, hatamtia chochote mdomoni, na atatazama saa. Mtukutiko ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja. Mambo haya hujifunzwa kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Aidha, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza shule kumbagua mtoto wakati wa kumwandikisha kwa sababu ya ulemavu, kwa hivyo usikubali kuambiwa kwamba mtoto wa namna hiyo hana nafasi.

Vivyo hivyo kwa mwenye selimundu. Huyu anahitaji kunywa maji mara kwa mara, na kwa sababu hiyo kwenda msalani mara nyingi. Asisimamishwe gwarideni katika baridi ya Julai, na akilia kwamba mifupa inamuuma asidhaniwe mvivu. Mwenye pumu naye aonyeshe pampu yake, na mwalimu aone jinsi inavyotumiwa. Dawa iliyofungiwa kwenye kabati la ofisi ambayo ufunguo wake uko na mtu aliyetoka haimsaidii mtu.

Kuna mambo mengine ambayo mzazi haoni kwa kuwa ameyazoea. Mtoto huketi karibu mno na runinga, au huongeza sauti kila mara, au akiitwa kutoka nyuma hageuki. Husemwa ni mkaidi. Mara nyingi watoto wa umri huu huwa na majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio baada ya mafua ya mara kwa mara, na darasani husikia nusu ya anayoambiwa. Wengi hupona wenyewe, lakini hali ikiendelea kwa miezi 3 apimwe. Makengeza nayo yasisubiriwe "yaishe akikua". Jicho lisilotumika huzoea kutoona, na matibabu hufaulu vizuri zaidi kabla ya miaka 7. Mwalimu akiona lolote kati ya haya amwambie mzazi faraghani, naye mzazi aende hospitali. Kwa mtoto anayechelewa kusema au kutembea kuna pia vituo vya kutathmini watoto vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanza mwaka wa 1984, na afisi ya elimu ya kaunti ndogo huweza kukuelekeza.

Siku ya ziara toa kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Wengi wetu hukitupa chini ya kitanda baada ya chanjo ya pili ya surua ya miezi 18, ilhali vitamini A na dawa ya minyoo huendelea kutolewa kila miezi 6 hadi mtoto atimize miaka mitano.

Tena, ikiwa mna yaya, asitumwe sokoni wakati huo. Rongai ni mji wa watu wanaotoka alfajiri na kurudi usiku kwa sababu ya msongamano wa Barabara ya Magadi, na mara nyingi yaya ndiye anayejua mtoto hula nini, huogopa nini, na hulala saa ngapi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 3 au 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku. Mtoto anayemngoja baba hadi saa nne za usiku kisha kuchukuliwa na gari la shule saa kumi na mbili asubuhi hawezi kuzifikisha, naye atasinzia darasani na kuitwa mzito wa akili.

Kuhusu mtoto mwenyewe, faida ni kubwa. Amemwona mama akicheka na mwalimu, amemwonyesha gari lake la waya, na siku ya kwanza shuleni kuna uso mmoja anaoujua. Yale maumivu ya tumbo ya kila Jumatatu asubuhi, ambayo huniletea watoto wasio na ugonjwa wowote tumboni, hupungua.

Walimu nao watoe taarifa kwanza, waje wawili wawili, Jumamosi mchana na si gizani, wakae nusu saa, na wasizungumzie karo. Wasimpime mtoto hesabu wala kumsomesha herufi. Waandike majina ya dawa, nambari ya simu ya mtu atakayepokea mchana, na lugha anayoitumia mtoto anapotaka kwenda msalani, iwe Kimaa, Kikuyu, Kijaluo au Sheng. Daftari hilo lifungiwe. Mzazi aliyeaminiana na mwalimu hadi akamtajia ugonjwa wa mwanawe hapaswi kuusikia tena kutoka kwa dereva wa gari la shule.