Ghala Likijengwa Gongoni

Kata ya Gongoni imo mjini Tabora, mji uliokuzwa na misafara ya karne ya 19 na kufikiwa na reli mwaka 1912. Chukulia kwamba mwenye kiwanja cha hekta moja, chenye nyumba na miembe, aomba kibali cha kujenga ghala na ua wa malori. Swali la kwanza ni hili: mvua itakwenda wapi?

Mvua ya milimita 50 humwaga juu ya hekta moja mita za ujazo 500 za maji. Udongo wenye majani huenda ukaachilia sehemu moja tu kati ya tano itiririke. Bati na saruji huachilia kama tisa kati ya kumi. Mfereji uliozoea mita 100 utaletewa 450, na yatakayozidi yataingia nyumbani kwa jirani aliye bondeni.

Barabara nayo hudhurika kuliko idhaniwavyo. Majaribio ya Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960, yalionyesha kuwa uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: tani 10 huumiza mara 16 kuliko tani 5. Kwa hiyo kuhesabu magari bila kuyapima ni kazi bure.

Urambo, magharibi ya Tabora, ilikuwa sehemu ya mpango wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947. Mashine zilishushwa wakati bandari ya Dar es Salaam na reli hazijaweza kuzimudu. Mpango ukaachwa 1951.

Pale Gongoni hesabu ni ndogo zaidi: nani atalipia kupanua mfereji, mwenye ghala au mji?