Magoli 9 ya Ndaye Mulamba yameandikwa. Ya Luberizi nani anayaandika?

LUBERIZI, Uvira – Vijana wa Luberizi, katika uwanda wa Ruzizi, wanaweza kubishana hadi giza liingie ni nani amefunga magoli mengi zaidi dhidi ya Sange au Luvungi. Kila mzee aliyekaa pembeni ya kiwanja ana hesabu yake, na hakuna daftari la kufungua ili kumaliza ubishi.

Kuna hesabu moja ya Mkongo ambayo haina ubishi. Ndaye Mulamba, mshambuliaji wa AS Vita Club ya Kinshasa, alifunga magoli 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1974 nchini Misri. Hakuna aliyewahi kufikisha idadi hiyo katika mashindano moja, ingawa siku hizi timu ni 24 na bingwa hucheza mechi 7. Mwaka 1974 timu zilikuwa 8 tu. Katika fainali za Côte d'Ivoire za 2024, Emilio Nsue wa Guinea ya Ikweta aliongoza wafungaji kwa magoli 5.

Rekodi hiyo nusura isiwepo. Kabla ya fainali Mulamba alikuwa na magoli 5: mawili dhidi ya Guinea, moja dhidi ya Mauritius na mawili dhidi ya wenyeji Misri. Tarehe 12 Machi, jijini Cairo, aliifunga Zambia mara mbili, akafikisha 7. Zaire ilikuwa inashangilia kombe pale Zambia iliposawazisha mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza, 2-2. Wakati huo sare ya fainali haikuamuliwa kwa penati. Timu zilirudi uwanjani tarehe 14, Mulamba akafunga yote mawili, 2-0.

Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire alikuwa amefunga 8 mwaka 1970. Bila goli lile la Zambia, Mulamba angebaki na 7 na rekodi ingebaki kwa Pokou. Na kwa kanuni za leo, penati za kuamua mshindi hazihesabiwi kwa mfungaji.

Riadha ina ukali zaidi. Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, lakini haikutambuliwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi na waliomwongoza mwendo walikuwa wakipokezana njiani. Mkenya mwenzake, Kelvin Kiptum, alikimbia 2:00:35 huko Chicago Oktoba 2023. Ilibidi asubiri hadi Februari 2024 ithibitishwe, na siku chache baadaye akafariki katika ajali ya gari.

Karatasi nayo hukosea. Katika Kombe la Dunia la 1974, Zaire ikichapwa 9-0 na Yugoslavia, mwamuzi kutoka Colombia alimpa Mulamba kadi nyekundu. Aliyempiga teke mwamuzi alikuwa Ilunga Mwepu, lakini kadi imeandikwa kwa jina la Mulamba hadi leo. Mwaka 1998, kwenye fainali za Burkina Faso, watu walisimama kimya kumwombolezea, kumbe yuko hai Afrika Kusini. Alifariki kweli Januari 2019.

Kwa mchezaji wa Luberizi, njia ya kuingia vitabuni huanzia kwenye karatasi ya mchezo. Mechi inayotambuliwa ni ile iliyo chini ya serkle, kisha entente, kisha ligi ya jimbo, hadi FECOFA kule Kinshasa. Goli ni la yule ambaye mwamuzi amemwandika kwenye ripoti yake. Mechi ya kirafiki ya Jumapili, hata ingejaza kiwanja, haimo.

Tena uwanda huu, kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Uvira na Bukavu, umepitiwa na vita mara nyingi. Anayekimbia hubeba watoto na godoro, si daftari la timu. Simu ingesaidia hapo: karatasi iliyosainiwa na mwamuzi na manahodha wote wawili, ikipigwa picha jioni ileile na kutumwa kwa watu watatu walio miji tofauti, haiungui pamoja na nyumba ya katibu.