Sikio Si la Kusikia Tu

Lugha yetu imeliita sikio kwa kazi yake moja: jina lenyewe latokana na kitenzi sikia. Jina hilo halikosei, ila halisemi yote. Sikio la ndani lina koklea, iliyojipinda mfano wa gamba la konokono. Na ubavuni mwake mna mirija mitatu ya nusu duara na vifuko viwili vinavyoupasha ubongo habari jinsi kichwa kinavyogeuka na kuinama. Hiyo ndiyo mizani ya mwili. Mfaransa Prosper Ménière alieleza mnamo 1861 kwamba kizunguzungu chaweza kutoka sikioni.

Viungo hivi ni majirani wa kisima kimoja, maana maji yaliyomo ndani yao yameungana. Daktari anapopenyeza waya wa kipandikizi ndani ya koklea ili kiziwi apate kusikia, jirani naye huweza kutikisika. Baadhi ya wagonjwa hupatwa na kizunguzungu, ambacho aghalabu huisha baada ya siku au majuma machache. Wachache huendelea kuyumba, hasa gizani ambako macho hayawafai.

Hata hivyo, si haki kukilaumu kisu kwa kila anguko. Mtoto aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo huenda alipoteza mizani pamoja nao. Ndiyo maana huchelewa kutembea. Basi tutapambanuaje lililoletwa na maradhi na lililoletwa na upasuaji, ikiwa mgonjwa hakupimwa kabla?

Kipimo kipo tangu zama za Robert Bárány, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya 1914. Sikio hutiwa maji ya nyuzi 30, kisha ya nyuzi 44, na daktari hutazama macho yanavyochezacheza. Yakitulia tuli, huenda mizani ya upande huo imedhoofika. Habari hiyo yaweza kusaidia kuamua sikio lipi lipasuliwe. Kuligusa sikio la pekee lenye mizani, ilhali jingine lafaa, ni kutikisa nguzo ya mwisho ya nyumba.

Sikipingi kipandikizi. Mimi ambaye riziki yangu ni lugha najua thamani ya mtoto kulisikia neno. Ninachodai ni kwamba mzazi aelezwe habari ya mizani kabla ya kutia sahihi. Mgonjwa apimwe kabla na baada. Na anayeyumba afunzwe mazoezi ya kumrejesha wima. Tusimfungulie mtu sikio, kisha tumwache aanguke.