Ufunguo wa Stoo Hautoshi

Ndugu msikilizaji, juma hili ningependa tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, nalo ni michezo ya vyuoni. Sina maana ya timu zinazosafiri kwenda kushindana na kurudi na vikombe. Nazungumzia michezo ya jioni ya wanafunzi wa kawaida: mpira wa bweni kwa bweni, netiboli, mpira wa wavu, mbio za kunyoosha viungo, bao na drafti chini ya mwembe, na bonanza la Jumamosi. Swali langu ni moja tu. Wanaosimamia michezo hiyo wamefundishwa na nani?

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye bonanza la chuo kimoja hapa kandokando ya Ziwa Victoria. Mechi ilipangwa saa nane mchana, jua likiwa kali na maji ya kunywa yakiwa ndoo moja kwa timu mbili. Muda si mrefu kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alianguka, mwili mzima ukawa unatetemeka. Watu wakamzonga. Mmoja akamwagia maji, mwingine akaja mbio na kijiko cha mama lishe akitaka kukipenyeza kati ya meno. Kwa bahati alikuwapo binti mmoja mwanafunzi wa uuguzi, mgeni kama mimi. Aliwarudisha watu nyuma, akaondoa mawe yaliyokuwa karibu na kichwa, akangoja mtetemeko ukome, kisha akamlaza kijana kwa ubavu ili mate yasimpalie. Baada ya dakika chache kijana akafumbua macho, akauliza matokeo ya mechi. Watu wakacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Jioni nilimtafuta waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi. Alinipa shikamoo, akanitafutia kiti, nami nikamwuliza alipata mafunzo gani alipochaguliwa. Akajibu, "Mzee, mimi nilikabidhiwa ufunguo wa stoo na daftari la mipira. Mengine najifunza hapo hapo." Mwalimu msimamizi naye alikuwa mhadhiri wa uhasibu aliyepewa kazi hiyo kwa sababu ujanani alicheza mpira. Wote wawili walikuwa watu wema na wenye bidii. Kosa halikuwa lao. Hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Sasa, ndugu msikilizaji, ni mambo gani ambayo msimamizi wa michezo hana budi kuyajua?

La kwanza ni huduma ya kwanza. Mtu mwenye degedege hawekewi kitu mdomoni, wala hashikwi kwa nguvu. Lakini mtu akianguka ghafla, haitiki wala hapumui vizuri, hapo moyo huenda umesimama. Huyo hukandamizwa katikati ya kifua kwa nguvu, kifua kikizama kiasi cha sentimeta 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada ufike. Ubongo ukikosa damu kwa dakika chache tu huanza kuharibika, kwa hiyo kusubiri gari la wagonjwa huku mikono imefungwa ni kumwacha mtu afe. Dunia nzima iliona tarehe 12 Juni 2021 mjini Copenhagen, mchezaji Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka uwanjani. Waliokuwa karibu naye walijua la kufanya, na mwaka 2022 alirudi kucheza. Ujuzi huo hufundishwa kwa saa chache, na hauhitaji mashine ili kuanza.

La pili ni kuyajua mazingira. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi sana. Hata hivyo, mara ngapi tumeona mechi ikiendelea huku ngurumo zikisikika? Kanuni ni rahisi: ukisikia ngurumo, simamisha mchezo, ingiza watu ndani ya jengo wala si chini ya mti, na usirudi uwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Tena kuna ziwa lenyewe. Wanafunzi wengi hutoka Dodoma, Singida na kwingineko, hawajawahi kuogelea, nao wakiona maji yametulia hudhani ni bwawa. Sisi wa Mwanza tulioikumba huzuni ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, hatuhitaji kuelezwa jinsi maji yasivyo na huruma. Msimamizi ajue kwamba anayezama hurushiwa kamba, boya au hata dumu tupu lililofungwa vizuri, na kwamba asiyejua kuokoa akijitupa majini, mara nyingi huzama pamoja na mwenzake. Ajue pia kwamba kwenye maji ya kina kifupi yenye majani hukaa konokono wa kichocho, na kwamba mazoezi ya kuogelea yana mahali pake.

La tatu ni kujua kuwapangia watu wote. Pwani hii imetoa watu wa sifa. Suleiman Nyambui wa Majita alipata medali ya fedha ya mbio za mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980. Lakini kwa kila Nyambui mmoja kuna maelfu ambao hawatakimbia Moscow kamwe, nao wana miili inayohitaji mazoezi na vichwa vinavyohitaji kupumzika baada ya mitihani. Msimamizi asiyefundishwa hupanga mpira wa miguu wa wavulana, akamaliza. Aliyefundishwa huuliza: wasichana watacheza saa ngapi? Mwenye ulemavu atashiriki vipi? Asiyejua mchezo wowote aanzie wapi?

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni ya nchi tajiri. Nami namkumbusha habari moja. Mwezi Februari mwaka 1950, wawakilishi wa vyuo 11 vya Wamarekani weusi walikutana katika Chuo Kikuu cha Dillard mjini New Orleans, wakiitwa na mwalimu William Wasson. Ulikuwa wakati wa ubaguzi, na vyuo vyao havikuwa na fedha za kutosha. Walikutana waelezane jinsi kila mmoja anavyoendesha michezo ya ndani ya chuo chake, makosa yake na mafanikio yake. Kutokana na mkutano huo kilizaliwa chama ambacho leo kinafundisha wasimamizi wa michezo wa vyuo vya Marekani, wafanyakazi na wanafunzi pia. Walianza kwa kukaa pamoja na kufundishana.

Je, sisi tunakosa nini? Katika mkoa huu huu, wilayani Kwimba, kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, ambacho kazi yake ni kufundisha watu ukocha na uongozi wa michezo. Butimba kuna chuo cha ualimu. Bugando kuna wanaosomea udaktari na uuguzi. Nyegezi kuna chuo cha uvuvi, chenye watu wanaoyajua maji. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichotokana na chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa mwaka 1960, kina wanafunzi wengi wanaohitaji ujuzi huo. Kutoka Butimba hadi Nyegezi si safari ya kuandaa mizigo. Walimu tunao, wanafunzi tunao, na uwanja tunao. Kinachokosekana ni barua ya mwaliko.

Napendekeza hivi. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, vyuo vya Mwanza viwakutanishe wasimamizi na mawaziri wa michezo kwa siku 3. Siku ya kwanza huduma ya kwanza, siku ya pili ratiba, uamuzi na utunzaji wa vifaa, siku ya tatu usalama wa majini. Kisha kila chuo kiwe na daftari la makabidhiano ambalo si la mipira tu, bali linaeleza yaliyotokea, nani aliumia, kwa sababu gani, na nini kilibadilishwa. Waziri wa wanafunzi hukaa mwaka mmoja au miwili, akaondoka na yote aliyojifunza kichwani. Bila daftari hilo, kila mwaka tunaanza upya na kurudia makosa yale yale.

Aidha, mwanafunzi anayepata mafunzo hayo hatoki mikono mitupu. Kuandaa ratiba, kutunza fedha za bonanza, kusuluhisha ugomvi wa timu mbili na kuokoa maisha ni ujuzi atakaoutumia shuleni, hospitalini, ofisini na kijijini kwake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kijana yule aliyeanguka alikuwa akicheza kwao, chuoni kwake, nasi hatukumtunza. Mgeni ndiye aliyemtunza. Wakuu wa vyuo mnaonisikia, mnapomkabidhi mwanafunzi ufunguo wa stoo, mkabidhini na elimu yake. Hadi juma lijalo, kwaherini.